Chasisi ya modeli ya drag: kuichagua, kuikata na kuifitisha chini ya bodi unayoitaka

Kila nikipumzika kidogo simu inaita na swali ni lile lile limebadilisha shati tu. "Kaka nimepata bodi ya Chevrolet Vega, nataka iwe ya drag, niiwekee chasisi gani?" Namuuliza drag ya kundi gani, mwaka gani? Kimya. Siku tatu baadaye ananitumia picha, kashakata madigadi ya nyuma ili tairi ziingie, na chasisi imezidi kwa mbele utadhani droo iliyogoma kufunga. Basi nimeona niandike yote hapa mara moja, na atakayeuliza tena namtumia hii.

Naongelea modeli za plastiki za kuweka kabatini, skeli ya 1/25 na 1/24 (gari halisi limepunguzwa mara 25 au 24), zile za kampuni za AMT, MPC, Revell na wenzao, unazounganisha mwenyewe kwa gundi. Za rimoti ni habari nyingine kabisa. Na seti nzima ya vipande mimi naiita boksi, maana nikiandika "kiti", lile neno la Kiingereza "kit", mtadhani nauza fanicha.

Kwa asiyejua, drag ni mbio za Wamarekani, magari mawili yanaanza yamesimama halafu yanafyatuka kwenye mstari ulionyooka, kwa kawaida wa robo maili, yaani mita 402, anayefika kwanza kashinda basi. Gari haliendi kona. Kila kilichopo chini ya gari la drag kipo ili tairi za nyuma zing'ang'anie lami pale mwanzoni, na ukiliweka hilo kichwani maswali mengi utajijibu mwenyewe bila kunipigia.

Andaa hivi kabla hujashika msumeno

- Bodi yako, ikiwa haijapigwa rangi bado. Ukishapaka rangi ndo ukaanza kufitisha chasisi, utaipaka tena, nakwambia.
- Boksi la pili la kukata spea, mimi naliita skrepa. Halihitaji kuwa zima, hata lililokosa vioo na boneti linafaa, mradi chasisi, difu na tairi zipo.
- Kalipa. Ya bei poa inatosha. Rula peke yake itakudanganya.
- Msumeno mwembamba wa modeli. Ukitumia ule wa kukatia vyuma, jino lake linakula karibu milimita nzima kila unapopita, na kwenye skeli hii milimita moja ni inchi moja ya gari halisi.
- Gundi mbili: ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki, na supagluu.
- Shiti za plastiki ya stairini za mm 0.5 na mm 1, na fimbo za duara za mm 1 na mm 1.6. Kampuni ya Evergreen wanazo. Ukikosa, tumia ile miti inayoshikilia vipande ndani ya boksi, usiitupe kamwe, ukiipasha juu ya mshumaa (juu, siyo ndani ya moto) na kuivuta taratibu inatoa fimbo nyembamba nzuri tu.
- Drili ndogo ya kuzungusha kwa mkono, biti za mm 0.5 mpaka 1.6, na klipu za karatasi za kukata pini.
- Msasa 240, 400 na 600, tepu ya rangi, na udongo wa kuchezea watoto.
- Kipande cha kioo kilichonyooka, ukubwa wa daftari. Hiki watu wanakidharau halafu gari linasimama kwa tairi tatu.
- Barakoa. Vumbi la plastiki siyo unga wa muhogo.

Hesabu pekee utakayoihitaji

Kwenye 1/25, inchi moja ya gari halisi inakuwa mm 1.016. Kwa hiyo ukiona kwenye karatasi za gari kwamba wilibesi yake (kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya la nyuma) ni inchi 108, modeli yako inatakiwa ipime karibu mm 110. Inchi ni milimita, unaongeza kachumvi kidogo. Hizi ndo zinazoulizwa sana:

- Chevrolet Vega: inchi 97, mm 98.6
- Willys ya 1941: inchi 104, mm 105.7
- Camaro ya 1969 na Mustang za miaka hiyo: inchi 108, mm 109.7
- Dodge Dart ya 1968: inchi 111, mm 112.8
- Chevy ya 1955: inchi 115, mm 116.8
- Funny Car ya sasa (ile ya bodi inayofunuka, naielezea hatua ya 1): mwisho inchi 125, mm 127
- Top Fuel ya sasa (lile gari refu jembamba la drag): inchi 300, mm 305. Rula ya shule nzima! Pima kabati kwanza kabla hujanunua.

Kwenye 1/24 inchi inakuwa mm 1.058. Inaonekana kitu kidogo, ila Camaro hiyo hiyo inatoka mm 109.7 inafika 114.3, na ndo maana chasisi ya 1/24 haiingii kwenye bodi ya 1/25 hata ukiisomea dua. Angalia namba ya skeli pembeni ya boksi, halafu usiiamini, pima.

Hatua ya 1: Amua kundi na mwaka

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, kuliko hata kwenye kukata. Chasisi ya drag ilibadilika haraka sana Marekani, kwa hiyo bodi moja ya Camaro inaweza kukaa juu ya chasisi nne tofauti na zote zikawa sahihi kutegemea mwaka. Wanaoharibu ni wanaochukua bodi ya 1970 wakaiwekea chasisi ya mabomba ya miaka ya 90 kwa sababu tu yalikuwepo kwenye boksi.

Kama unataka gasa, yale magari ya mwisho wa miaka ya 50 na miaka ya 60 yaliyoinuka pua, basi fremu inabaki ya kiwandani. Kinachobadilika ni mbele, safu iliyopo (springi na mikono inayoshika tairi za mbele) inatolewa inawekwa ekseli moja iliyonyooka juu ya springi za pleti, kama za Fuso lakini nyembamba. Hilo ndo kundi ninalomshauri mtu wa kwanza kabisa, kwa sababu unakata sehemu moja tu na kosa halionekani sana.

Super Stock ya miaka ya 60, kundi la magari ya kiwandani yaliyoongezwa makali, ni rahisi kuliko hata hiyo. Chasisi ni ile ile ya kiwandani, sakafu ile ile, unabadilisha tairi za nyuma, difu, ekzosi, kwisha. Ukiona mtu kaiwekea Super Stock ya 1964 makasha makubwa ya tairi ndani ya buti, huyo kachanganya miaka.

Mwaka 1965 Chrysler walitoa Dodge na Plymouth chache zilizosogezwa tairi, za nyuma zikaja mbele inchi 15 na za mbele zikaenda mbele inchi 10, ili uzito ulalie nyuma. Watu walivyoona hayo magari yanachekesha jina la Funny Car likazaliwa humo humo. NHRA, hao ndo chama kikubwa cha drag kule tangu 1951, waliyakataa kwenye makundi yao ya kawaida, yakaenda kushindania kwingine. Ukijenga hili ndo gari pekee ambalo nakuruhusu kukata madigadi ya bodi, maana hata wenyewe walikata.

Funny Car yenyewe, ile ya bodi moja ya faiba inayofunuliwa kama mfuniko wa sufuria, ilianza 1966 na Comet za Mercury zilizokaa juu ya chasisi ya mabomba ya ndugu wa Logghe kutoka Michigan. Hapo usihangaike kubadilisha chasisi ya kiwandani, haina hata kipande kinachofaa. Tafuta boksi la Funny Car uchukue chasisi nzima, kazi yako iwe kurefusha au kufupisha tu. Zile za mwanzo zilikuwa na springi, za sasa difu imefungwa moja kwa moja kwenye mabomba bila springi yoyote nyuma, kwa hiyo angalia hilo.

Pro Stock, kundi la magari ya mbio yenye sura ya gari la kiwandani, ilianza 1970. Za mwanzo mwanzo bado zilikaa juu ya sakafu ya kiwandani na keji ndani (mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka). Ilipofika 1974 dereva na fundi Bill Jenkins akaja na Vega yenye chasisi ya mabomba matupu na safu ya mbele ya kisasa, na baada yake wengine nao wakafuata. Kwa hiyo Pro Stock ya 1971 na ya 1976 ni wanyama wawili.

Top Fuel pia, kabla ya 1971 dereva anakaa nyuma ya injini, miguu imepita juu ya difu. Dereva Don Garlits alipolipukiwa na giaboksi mwaka 1970 ikamkata sehemu ya mguu, akarudi 1971 na gari la injini nyuma likashinda, na ndani ya miaka michache kila mtu kahamia huko. Huwezi kuigeuza chasisi ya injini mbele ikawa ya injini nyuma, nimejaribu, ni kujenga upya tu.

Andika kwenye karatasi: kundi, mwaka, bodi. Bandika ukutani. Usiguse kitu mpaka hiyo karatasi ina maneno matatu.

Hatua ya 2: Pima bodi, halafu pima skrepa

Pima wilibesi ya bodi kwa kuangalia katikati ya uwazi wa tairi, mbele na nyuma, pande zote mbili, maana bodi za zamani nyingi zimepinda kidogo. Pima upana wa ndani chini ya milango. Pima upana wa nje pale kwenye madigadi ya nyuma. Halafu geuka upime chasisi ya skrepa vivyo hivyo, kutoka katikati ya ekseli mpaka katikati ya ekseli, siyo kutoka mwisho wa bampa.

Tuchukue ile Vega ya jamaa yangu. Wilibesi mm 98.6. Chasisi aliyopata ni ya mabomba ya Camaro, mm 109.7. Imezidi mm 11. Na upana nao, Camaro halisi ya 1969 ni inchi 74, Vega ni inchi 65 na ushee, kwa hiyo kuna karibu mm 9 za kutoa kwenye upana pia, nne na nusu kila upande. Watu wanapima urefu wanasahau upana, halafu wanashangaa kwa nini bodi imepanuka milango kama mtu aliyeshiba.

Tofauti ya urefu ikizidi mm 15 usikate, tafuta skrepa nyingine. Unaweza kukata, ila mabomba yote ya katikati yataangukia sehemu ambazo hayaleti maana, keji itagombana na kiti, na utatumia plastiki zaidi ya ile uliyookoa.

Hatua ya 3: Fitisha kavu, anza na tairi za nyuma

Kavu maana yake bila gundi hata tone. Weka tairi za nyuma ulizochagua ndani ya madigadi, zishikize kwa udongo wa kuchezea. Weka za mbele. Simamisha bodi juu ya kioo, ikae kimo unachokitaka kwa kuwekea vipande vya plastiki chini. Liangalie kutoka mbali, kwa macho usawa wa meza. Piga picha.

Hiyo picha ndo bosi wako. Kila unachokata kuanzia hapa unakata ili chasisi iifikie ile picha. Ukianza kinyume, yaani ukaanza na chasisi halafu bodi ifuate, utaishia na gari linaloelea au lililokalia matairi.

Ukubwa wa tairi nao: Pro Stock ya sasa tairi la nyuma lina kipenyo cha inchi 33 na upana 17, Top Fuel inchi 36 kwa 17.5. Kwenye modeli ni karibu namba hizo hizo kwa milimita. Za miaka ya 60 ni nyembamba zaidi sana, na tairi pana kwenye gari la 1962 ni kosa linaloonekana kutoka mlangoni.

Hatua ya 4: Kata urefu

Kata kwenye sehemu iliyonyooka, nyuma ya giaboksi na mbele ya kiti. Usikate kwenye kona ya bomba, na usikate karibu na difu. Weka tepu juu ya chasisi, chora mistari miwili yenye umbali unaotaka kuutoa, kwa mfano wetu mm 11, kisha kata kwa ndani ya mistari ukiacha unywele, umalizie kwa msasa.

Toboa ncha za mabomba kwa biti ya mm 0.8 au 1, ingiza kipini cha klipu, unganisha. Bila pini ule muungano utakatika siku unayoifunga chasisi kwenye bodi, yaani siku mbaya kuliko zote. Bandika chasisi kwenye kioo kwa tepu, weka rula pembeni kama ukuta, ndo utie gundi ya majimaji. Acha mpaka kesho. Najua utataka kujaribu baada ya saa moja. Acha.

Kurefusha ni hivyo hivyo, ila katikati unajaza fimbo ya mm 1.6, ambayo kwa bahati nzuri inalingana karibu kabisa na bomba la inchi 1 na 5/8 wanalotumia kwenye keji halisi.

Na propela shafti! Ukiitoa chasisi mm 11, propela nayo inapungua mm 11. Kwenye kila modeli kumi ninazotumiwa picha, kadhaa zina propela iliyopinda kama mkia.

Hatua ya 5: Nyuma, yaani difu na makasha

Hesabu iko hivi: upana wa nje wa bodi kwenye madigadi, toa tairi mbili, toa milimita moja ya nafasi kila upande. Bodi ikiwa mm 66, tairi mm 14 kila moja, kinachobaki ni 66 kutoa 28 kutoa 2, yaani mm 36. Hiyo ndo nafasi yako kati ya tairi na tairi. Difu nzima na ncha zake ikae humo, na mabomba ya fremu ya nyuma yawe membamba zaidi ya hapo, mm 33 au 34, tairi lisisugue.

Kata mirija ya difu pande zote mbili kwa kipimo sawa. Ukikata upande mmoja tu kwa uvivu, lile boga la katikati linahama na propela inakwenda upogo. Pitisha waya wa klipu katikati yake yote ili inyooke.

Makasha ya tairi unaweza kuyachukua kwenye skrepa au kuyatengeneza kwa shiti ya mm 0.5, iviringishe kwenye betri kubwa ya tochi, ifunge kwa tepu, mwagia maji ya moto, ikipoa itabaki na mviringo.

Kama ni Super Stock au gasa ya mapema, ruka hatua hii, tairi zinaingia ndani ya madigadi ya kiwandani.

Hatua ya 6: Mbele na injini

Kwa gasa, kata safu yote ya mbele ibaki reli mbili tupu. Chukua springi za pleti za nyuma kwenye boksi la pikapu, ziweke sambamba chini ya reli, ekseli ya fimbo ya mm 2.5 juu yake. Sasa hapa kuna ugonjwa, kila anayejenga gasa anataka pua iguse dari. Sheria za NHRA za magari yale zilizuia kitovu cha shafti ya injini kisizidi inchi 24 kutoka chini, yaani kwenye modeli karibu mm 24.4. Pima kutoka kwenye kioo mpaka katikati ya puli ya chini ya injini. Ukizidisha umejenga kichekesho, na ukitaka kichekesho sawa, ila usiniambie ni gasa halisi.

Injini nayo iliruhusiwa kurudi nyuma asilimia 10 ya wilibesi, kutoka kitovu cha gurudumu la mbele mpaka plagi ya kwanza. Chevy ya 1955 ina inchi 115, kwa hiyo 11.5, karibu mm 12 kwenye modeli. Ukuta kati ya injini na dereva utalazimika kukatwa, ni sawa kabisa, walikata.

Kwa magari ya mabomba, fitisha injini kabla hujaunga safu ya mbele, na ufunge boneti juu yake kila unaposogeza. Ekzosi ndo hugombana na mabomba ya fremu. Ukikosa mabomba ya ekzosi, vijiti vya pamba za masikio vya plastiki vina uwazi ndani na unene wake unakaribia, ila gundi ya plastiki haivikamati, tumia supagluu baada ya kuvikwaruza. Laini za mafuta mimi natengeneza kwa sindano mpya za famasi, namba 21 ina unene wa mm 0.8. Kata kwa koleo ukiwa umekinga macho kwa miwani, kale kancha kanaruka.

Hatua ya 7: Sakafu na beseni la ndani

Bodi ikigoma kushuka mpaka kimo ulichopanga, wengi wanalaumu chasisi wanaanza kuikata. Mara nyingi mkosaji ni lile beseni la ndani lenye viti na milango, kina chake ni cha chasisi ya zamani. Kata sakafu ya beseni, bakiza kuta za milango tu, halafu tengeneza sakafu mpya ya shiti ya mm 0.5 inayolala juu ya mabomba. Keji inasimama kwenye mabomba, siyo kwenye sakafu. Ya Camaro haitaingia kwenye Vega, iko pana, kwa hiyo kunja mpya kwa fimbo ya mm 1.6 kwenye maji ya moto ukiizungushia kalamu. Usiikunje ikiwa baridi, inakuwa nyeupe kwenye kona na siku yoyote inakatika.

Hatua ya 8: Nguzo za kushikia bodi

Kata nguzo za zamani ndani ya bodi. Weka chasisi juu ya kioo na tairi zake zote, shusha bodi mpaka ifanane na ile picha ya hatua ya 3, shikiza kwa udongo, geuza taratibu, kisha jenga nguzo mpya nne kutoka kwenye vipande vya miti ya boksi. Tia gundi upande wa bodi tu. Ukitia pande zote mbili kwaheri, hutaifungua tena kupaka rangi.

Rangi sina mengi, chasisi ya kiwandani mara nyingi nyeusi, ya mabomba mara nyingi kijivu au rangi ya bodi, angalia picha za gari husika.

Yakikuharibikia

*Tairi moja liko hewani.* Chasisi imejipinda wakati wa gundi kukauka. Chovya kwenye maji ya moto (yasiyochemka) sekunde chache, ibane kwenye kioo mpaka ipoe. Ikigoma, fungua muungano ule wa hatua ya 4 uunge upya. Kusaga tairi kwa chini ni njia ya mwisho, na mimi nimeifanya mara mbili, sisemi kwa modeli ipi.

*Bomba limeyeyuka likawa laini.* Gundi nyingi. Usiliguse siku mbili. Ukilibonyeza sasa hivi unabakiza alama ya kidole mpaka kiama.

*Supagluu imeacha ukungu mweupe.* Ulifunga bodi kabla haijakauka, au ulitia nyingi. Futa kwa mafuta ya kupikia kidogo kwenye pamba kama ni kwenye kioo, kama ni kwenye rangi pole.

*Difu haishiki kwenye reli.* Kipande chako kina kromu. Gundi inayeyusha plastiki, haiyeyushi kromu. Kwangua mahali pa kuungania mpaka uone plastiki tupu.

*Rimu au chasisi imelika pale tairi lilipogusa.* Tairi laini za maboksi ya zamani zina mafuta yanayokula plastiki taratibu. Paka rangi sehemu ya ndani ya rimu, au weka kijipande cha foili katikati, na usihifadhi tairi hizo zikiwa zimelalia vioo. Mimi kioo cha mbele cha Willys kiliondoka hivyo hivyo, kimekaa kwenye boksi miaka miwili nikidhani kiko salama.

*Gari limekaa sawa ila linaonekana baya tu.* Pima wilibesi tena pande zote mbili. Milimita moja na nusu ya tofauti kati ya kulia na kushoto jicho linaiona kabla kichwa hakijaielewa.

Ukikwama zaidi ya hapo nitumie picha mbili, moja ya chini na moja ya ubavuni gari likiwa juu ya kioo, pamoja na wilibesi kwa milimita na ile karatasi yako ya maneno matatu. Bila karatasi sijibu.